Mluzi wa Vidole Viwili

Kambini, 3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Ya Mama nayo umfikishie.

Usishangae kuona barua. Kocha amekusanya simu zetu zote akazitia kwenye ndoo ya plastiki, akafunika mfuniko, akaikalia. Anasema simu ndizo zinazotutia wasiwasi kabla ya mechi. Nahodha wetu akamuuliza, sasa wewe unayekalia ndoo, wasiwasi wako tuutie wapi? Tulicheka sana, halafu tukaambiwa tukimbie kuzunguka kambi mpaka kicheko kiishe. Kwa hiyo barua hii inakuja kwa mkono wa mpishi, anayekwenda mjini kila akiishiwa vitunguu.

Mimi mzima. Nakula vizuri, nalala vizuri. Nusu fainali mtakuwa mmeiona. Siku hizi watazamaji wamenipa jina, wananiita Bunduki, kwa ajili ya ile mipira ya wavu ninayoanzisha. Nikichukua mpira tu kwenda nyuma ya mstari, ukumbi mzima unaimba Bunduki, Bunduki. Ni heshima, sikatai.

Kuhusu fainali ya tarehe 20: safari ni ya kutwa nzima, ukumbi wenyewe mdogo, na viti vyake vya mbao vitakuumiza goti lako. Usijisumbue, kaka. Kaa na wateja wako. Tukishinda mtasikia. Tukishindwa mtasikia haraka zaidi.

Na Fundi Viatu mwambie apunguze mdomo.

Mdogo wako


Dukani, 8 Machi

Bunduki wetu,

Marahaba, marahaba mara mbili, ya Mama ndani yake. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa dukani. Mteja niliyekuwa namnyoa amekaa na nusu kichwa mpaka nilipomaliza, wala hakulalamika. Ilipofika pale pa kocha kukalia ndoo, Fundi Viatu alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kigoda chake. Mdomo hapunguzi ng'o. Tena sijui kwa nini namvumilia: kichwa chake kina upara kama yai, hana unywele hata mmoja wa kuniletea, lakini kila siku yuko hapa kabla sijafungua.

Nina habari. Ule mlango wa duka nimeupaka rangi upya. Umeandikwa kwa herufi nyekundu, kubwa: HAPA NDIPO KWA KAKA WA BUNDUKI. Inasomeka tangu kituo cha mabasi. Watu wasionijua wanaingia kunyoa ili waniulize habari zako. Juzi mmoja kaja na ndevu alizochonga jana yake.

Mtaa mzima unakutegemea, mdogo wangu. Si unajua hatuna cha kujivunia hapa zaidi yako na kile kisima? Fundi Viatu anasema mkileta kombe atanibeba mimi begani mtaa mzima, maana wewe hutafikika. Mama anafunga na kusali. Mimi kila nikifunga duka namkumbuka binti wa miaka tisa pale uani, kamba ya Mama ya kuanikia nguo ndiyo wavu, mashuka yananing'inia. Nilitia vidole viwili mdomoni nikapiga mluzi, ukaurusha mpira juu ya mashuka yote. Nilijua siku ile ile. Ukishinda wewe, tumeshinda sote.

Ama kuhusu kuja, nimekuelewa. Umelelewa ukaleleka. Haya, sitajisumbua.

Kaka yako, Kinyozi


Dukani, 11 Machi

Nahodha,

Habari za kambini. Ni mimi, kaka yake Bunduki. Ulikuja kwetu sikukuu ukamaliza sufuria la wali la Mama. Hatujasahau, na sufuria nalo halijasahau.

Nakuomba jambo, na naomba libaki baina yetu. Mdogo wangu ameniandikia nisijisumbue kuja fainali. Wewe umekaa na watu, unajua. Mgeni akiambiwa karibu chakula hujibu nimeshiba, ukimwacha aondoke hivyo hivyo umemfukuza. Huyu hawezi kuniambia njoo, ananionea huruma ya goti na ya kufunga duka. Basi nakuja kumshtukiza. Nipatie kiti karibu na uwanja, upande wenu. Usimwambie hata kwa jicho.

Mimi ndimi, Kinyozi


Kambini, 14 Machi

Kaka Kinyozi,

Salama. Kiti nimekupatia, mstari wa kwanza, nyuma kabisa ya pale wanapoanzishia mpira. Akirudi nyuma hatua mbili atakukanyaga. Jina lako liko kwa bawabu.

Mdogo wako anakupenda, kaka. Barua zako akizipata siku karibu na mechi ananipa mimi nimwekee, anasema ni tamu mno, akizisoma hatalala kwa furaha, mpaka mechi ipite. Ile ya mwisho bado ninayo kwenye begi langu la viatu. Sikuwahi kuona watu wanaopendana hivyo. Mimi kaka yangu akiniandikia ujue anataka kitu.

Msalimie Mama, na sufuria.

Nahodha


Kambini, 17 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nakuandikia kwa haraka, mpishi amesimama mlangoni na kikapu.

Safari ile nilisema usijisumbue ukaitikia upesi kuliko kawaida yako. Leo nimeiomba barua yako kwa Nahodha nikaisoma, nikakaa nayo. Nakujua. Kwa hiyo safari hii sisemi kwa adabu, wala kwa ajili ya goti. Usije. Tafadhali kaka, hata kama umeshapata kiti, usije. Siwezi kueleza hapa. Nitakueleza nikirudi nyumbani, mbele ya Mama au peke yetu, utakavyotaka.

Usikasirike.

Mdogo wako


Dukani, 24 Machi

Mdogo wangu,

Nimekupigia simu tangu kocha awarudishie. Mara ya kwanza ulisema sawa kaka, mara ya pili sawa kaka, mara ya tatu simu imepokelewa na mtu aliyesema umelala, na ilikuwa mchana. Nikaona afadhali niandike.

Barua yako ya tarehe 17 nimeikuta chini ya mlango niliporudi. Ilikuja siku niliyoondoka. Wakati mimi niko njiani nakula karanga na kujichekea peke yangu kama mwehu, ilikuwa imelala hapa sakafuni inanikataza.

Basi nikueleze nilichokiona, maana huenda wewe hukuona. Seti ya tano, wao kumi na nne, nyinyi kumi na tatu, mmetoka kupata pointi na mpira ni wako. Ukumbi umeimba weee mpaka ukanyamaza wenyewe. Ukaja mpaka ulipokuwa mbele yangu, ningeweza kukugusa mgongo. Nikaona wakati ndio huu. Nikatia vidole viwili mdomoni.

Najua uliusikia kwa sababu masikio yako yalicheza. Refa akapuliza filimbi ya kukuruhusu. Ukasimama. Nilisema moyoni, anapima, huyu ni mjanja, anawachosha. Ukasimama tu na mpira mikononi. Wenzako wamekupa migongo, wanangoja. Nahodha akageuka. Refa akapuliza tena, akanyoosha mkono upande wa wale, na wale wakaanza kurukaruka. Sikuelewa. Ilibidi nimuulize jirani yangu, akaniambia kombe limekwenda, sekunde zake nane zimeisha, hakuupiga mpira. Hakuupiga kabisa.

Nilikungoja nje kwenye basi lenu. Ulipita ukasema shikamoo ukapanda. Shikamoo, kama unamwamkia mpita njia.

Ulikuwa unaumwa? Sema kama ulikuwa unaumwa, nitawaambia watu hapa, maana wananiuliza na mimi nawaambia refa ana macho ya kukopa. Na kama hukuwa unaumwa, basi niambie nimekukosea nini, mdogo wangu, hata usitake nikutazame. Mimi niliyekufundisha.

Kaka yako


Bwenini, 2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Barua nimepata. Sikuwa naumwa. Refa hakukosea, usimseme.

Mama ameniambia umeyafuta yale maandishi ya mlangoni. Umefanya vizuri. Ningekuwa wewe ningeyafuta siku ile ile.

Sitakuja likizo hii, kuna mazoezi.

Mdogo wako


10 Aprili

Kaka Kinyozi,

Mdogo wako hajui kama nakuandikia. Akijua atanuna, na mimi nimeshachoka kununiwa, lakini afadhali hilo.

Mazoezi aliyokuambia hayapo. Amekaa bwenini. Kocha alitaka kumwacha kabisa. Nikamwambia ukimwacha yeye niache na mimi, maana kiti cha kaka yake nilikitafuta mimi. Akanitazama kama hajanielewa, ikabidi nimweleze yote. Halafu akamleta mama mmoja mtaalamu wa mambo ya akili ya wachezaji. Sisi tulicheka, tukasema kwani sisi wendawazimu. Yule mama hakujali. Alituketisha chini ukumbini, akatuuliza kila mmoja: ukishika mpira wa kuanzisha, filimbi haijalia, unaona nini?

Mmoja akasema anaona wavu. Mwingine akasema anaona yule mchezaji dhaifu wa upande wa pili. Mimi nilijitia ushujaa nikasema naona ushindi. Ilipofika zamu ya mdogo wako akasema, "Namwona kaka amesimama kwenye mlango wa duka, na watu nyuma yake."

Hakuna aliyecheka. Yule mama akamuuliza, anasemaje? Akajibu, "Hasemi kitu. Anatabasamu tu."

Halafu akasema yote. Kwamba hutapika kabla ya kila mechi, anafungua bomba ili tusisikie. Kwamba barua zako hazikuwa tamu mno. Alikuwa anaziogopa. Kaka, mimi nimekaa naye chumba kimoja misimu mitatu. Nilijua anatapika, ningekosaje kujua, lakini nilinyamaza kwa sababu mimi mwenyewe usiku wa kuamkia mechi silali, nahesabu vigae vya dari, na nahodha hatakiwi kuonekana hivyo. Aliyesema anaona wavu naye ameungama kuwa haoni kitu, macho yanamwingia giza. Kumbe timu nzima tunaumwa ugonjwa mmoja, kila mtu amejifungia na wake, na kila mtu anadhani ndiye atakayewaangusha wenzake.

Nimekuandikia si kukulaumu. Kama ni lawama, tugawane. Ulinipa mfano wa mgeni aliyesema nimeshiba, nikaona ni hekima. Lakini kuna wageni walioshiba kweli, kaka.

Tena kuna hili la mlango. Anasema umefuta jina lake kwa aibu. Sijui ukweli wake. Kama si hivyo, mwambie wewe.

Nahodha


Dukani, 20 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Fundi Viatu anasema nimemaliza daftari zima la madeni kwa kuandika "mdogo wangu" na kuchana.

Kwanza mlango. Ulipopanda basi lile, mimi nikarudi peke yangu. Kesho yake asubuhi nikakuta vijana wamesimama hapa nje wanaigiza. Mmoja ameshika jiwe, wengine wanahesabu mpaka nane. Nilichukua dawa ya kuondolea rangi nikasugua herufi zile mpaka vidole vikachubuka. Sikufuta kwa sababu nakuonea haya. Nilifuta ili wasipate pa kusimama wakucheke. Haya yote nilipaswa kukuambia siku ile ile, nikaona yatakuumiza, nikanyamaza. Nawe ukayapata kwa Mama nusu nusu. Kila ninapotaka kukukinga, mkono wangu ndio unaokupiga.

Pili. Jumamosi nilinyoa bwana harusi. Kijana wa mtaa wa pili, unamjua, yule wa baiskeli. Ndevu za bwana harusi nimechonga tangu ujana wangu, naweza kuchonga nimefumba macho. Lakini safari hii walikuja ukoo mzima. Wajomba, mashemeji, dada zake wameinua simu wanachukua picha, mama yake amesimama kwenye kioo ananitazama mkono. Shangazi mmoja akasema, "Kinyozi, siku ya leo hairudiwi, ukimharibu umetuharibu sote." Alisema kwa mapenzi, anacheka. Wote walicheka.

Mdogo wangu, wembe uko shingoni kwa mtoto wa watu na mkono si wangu. Jasho linaniingia machoni. Nikajua nitamkata, si labda, si huenda, nitamkata. Nikaweka wembe chini. Nikawaambia, jamani, naomba nyote mtoke nje. Wakaona maajabu, yule shangazi akanuna, lakini wakatoka, na nikafunga mlango. Tukabaki mimi na bwana harusi na feni. Mkono ukarudi.

Nikamnyoa huku machozi yananitoka, naye akadhani namlilia kwa furaha ya ndoa yake, akaanza kulia na yeye. Tulikuwa wajinga wawili.

Mimi niliweza kuwatoa nje. Mlango ni wangu. Wewe ungemtoa nani? Ungeniambia nitoke? Uliniambia, mara mbili, ya kwanza kwa adabu na ya pili wazi. Na mimi niliyekuwa na barua ya kwanza mkononi niliisomea duka zima, nikacheka, nikasema huyu kalelewa vizuri. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba mtu akisema hapana kwa upole anamaanisha ndiyo. Nadhani nilikufundisha mimi.

Sitakuja tena kukutazama ukicheza. Si kwa hasira, Mungu shahidi yangu. Kama bado unataka kucheza, cheza. Kama hutaki, njoo nyumbani, hakuna mtu atakayekuuliza kitu dukani kwangu. Nimewaambia. Fundi Viatu ameapa kwa upara wake.

Nisamehe.

Kaka yako


Bwenini, 6 Mei

Kaka,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma siku iliyofika, sikumpa mtu aniwekee.

Nilicheka kwa wajinga wawili. Halafu nikalia, basi tukawa watatu.

Nahodha ameungama kuwa alikuandikia. Nimemnunia kutwa moja tu, nikashindwa kuendelea. Kwa hiyo yale ya kutapika unayajua. Acha nikueleze yale ambayo hata yule mama mtaalamu sikumwambia.

Kwenye mazoezi mkono wangu ni mkono. Napiga mipira hamsini, yote inapita. Kwenye mechi, nikienda nyuma ya mstari, wenzangu wananipa migongo. Umewaona. Wameweka mikono visogoni, hawageuki, wananiamini. Hapo ndipo wanaanza kuja wengine. Anakuja Mama na saumu yake. Anakuja Fundi Viatu na kigoda. Unakuja wewe na ule mlango. Uliandika ukishinda wewe tumeshinda sote, na ile nusu ya pili hukuiandika, kaka, lakini mimi niliimalizia mwenyewe kila nilipoisoma. Nilikuwa naogopa kwamba siku nikishindwa nitarudi nyumbani nikute mmekuwa wadogo, nyote, kwa ajili yangu.

Nilikuwa na dawa yangu moja. Sijamwambia mtu. Ukumbi ukijaa hivyo nilikuwa nafumba macho kidogo narudi uani. Mashuka, kamba, hakuna mtu. Nasikia mluzi wako, ule wa vidole viwili, kisha nafumbua macho napiga. Ndivyo nilivyocheza misimu yote mitatu. Watu waliona Bunduki, kumbe ni mtoto wa miaka tisa anarusha mpira juu ya mashuka.

Siku ile nilikuwa nimeshafumba macho. Nimeshafika uani. Nikausikia mluzi, na ulikuwa wa kweli, nyuma ya kisogo changu. Nilijua uko pale. Na pale uani pakajaa watu. Pote pakajaa, kaka, sikuwa na pa kwenda. Nilisikia filimbi ya refa kama inatoka nyumba ya jirani. Mikono haikuwa yangu, kama ulivyosema.

Sikukasirika na wewe. Nilipokusalimia kwenye basi nilitaka kukukumbatia, lakini nilijua nikikugusa nitaanguka mbele ya wote.

Tangu siku ile nikifumba macho hausikiki. Nimejaribu hata mazoezini. Uani panakuja, mashuka yanakuja, mluzi hauji.

Kocha amesema atanipa nafasi mechi ya kwanza ya msimu, katikati ya Juni. Nikishindwa ataniacha, na ataniacha kwa haki, ana wasichana wengine wanangoja. Nataka kujaribu. Ulichoahidi, nakushika nacho. Usije. Na runinga ya dukani, kama unaweza, usiiwashe. Najua nakuomba kitu kibaya.

Mdogo wako


Dukani, 14 Juni

Mdogo wangu,

Mechi imekwisha muda huu. Ndivyo ninavyodhani, kwa saa.

Runinga sikuiwasha. Niliitoa waya kabisa, nikauweka mfukoni, kwa sababu najijua. Wateja walipiga kelele, wakahamia kwa muuza simu wa jirani, na Fundi Viatu alikwenda nao mpaka mlangoni, akasimama, akarudi. Akakaa kwenye kigoda chake, kimya. Sijawahi kumwona kimya. Sikuwa na mtu wa kunyoa, basi nikamwambia akae kwenye kiti nikampaka sabuni kichwani nikampitishia wembe, unywele hakuna, tupate cha kufanya tu. Naye akakubali.

Mara wale wa kwa muuza simu wakapiga ukelele mmoja mkubwa. Ukelele wa watu kupitia ukutani haujulikani kama ni wa furaha au wa uchungu, nilikuwa silijui hilo. Fundi Viatu akaninong'oneza, niende nikaulize? Nikamwambia kaa hapo, nitakukata.

Sasa watu wanapita hapa nje na mimi nimewageuzia mgongo, nakuandikia. Sitaki kusikia kwao. Ulivyopiga sikuona, na sitaona. Basi niandikie wewe, taratibu, kama mtu asiyejua mpira.

Kaka yako


Bwenini, 19 Juni

Kaka,

Shikamoo.

Asubuhi nilitapika. Sikufungua bomba. Nahodha akaja na taulo, akakaa sakafuni pamoja nami, akaniambia dari la hoteli hii lina vigae vichache mno, amevimaliza mapema. Nikaenda uwanjani.

Kocha aliniingiza seti ya nne, tuko nyuma. Nikapewa mpira. Hawakuimba Bunduki. Wengine walihesabu, moja, mbili, tatu, wakinikumbusha, na wengine wakawanyamazisha. Nikaenda nyuma ya mstari. Nyuma yangu, mstari wa kwanza, kulikuwa na kiti kitupu. Nahodha alikinunua yeye, akamwambia bawabu asikae mtu. Hakuniambia, nilikiona tu.

Wenzangu wakanipa migongo. Nikafumba macho, na uani pakaja. Mashuka yametulia, hakuna upepo. Nikasikiliza. Kaka, nilisikiliza kwa moyo wangu wote. Nilitaka mluzi ulie, nilikuwa natamani ulie hata ukumbini, hata mbele ya wale waliokuwa wakihesabu. Nikajikuta nageuka kutazama kile kiti.

Refa akapuliza filimbi yake.

Nikaurusha mpira juu, nikaupiga. Ulipita wavu kwa chini chini, ukaangukia kwenye kona, hakuna aliyeugusa. Ulipita vizuri sana, kaka. Laiti ungeuona.

Mdogo wako